Vipepeo wa Dirisha la Dada Akoth

Tulimzika Dada Akoth mwezi uliopita, kando ya kaburi la mumewe, na mvua ikatunyeshea tangu sala ya kwanza hadi koleo la mwisho la udongo. Waliokuja walisema yale yanayosemwa: amepumzika, Mungu amempenda zaidi, tutaonana asubuhi ile njema. Mimi nilinuna. Nimefika umri wa kununa matangani bila kuulizwa, na kama Mungu alimpenda zaidi, basi alikuwa na njia yake ya ajabu ya kuonyesha. Aliyenitoa kwenye kununa ni Chelangat, rafiki yangu wa ujana, aliyefika kutoka Chepseon akiwa amechelewa, akashuka garini kinyumenyume kwa sababu ya magoti mabovu, akanishika mikono bila kusema hata pole. Tulikaa nyuma ya jiko na sahani za wali mapajani. Kipepeo mmoja wa rangi ya chungwa akatua kwenye mdomo wa chupa yake ya soda. Chelangat akatoa simu, akamlenga, na simu ikamtajia jina kabla sijameza tonge. Akaniambia siku hizi ni rahisi hivyo. Nikamwambia huko si kujua, ni kuambiwa. Alicheka, halafu akalia, na mimi nikalia naye kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie. Sisi wawili pamoja na marehemu tulianza kuwajua vipepeo kwa njia nyingine kabisa, mwaka ambao nisingependa kuurudia hata nikilipwa, na bado ndio mwaka ninaoukumbuka vizuri kuliko yote.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo yangu hayakuwa ya kunifikisha popote, kwa hivyo nilipelekwa mahali ambapo msichana asiye na pa kwenda hupelekwa: kwa dada yake aliyeolewa, kusaidia. Dada Akoth na mumewe, Shemeji Ouma, walikaa kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba la chai nje ya mji wa Kericho. Shemeji alifanya kazi kiwandani, upande wa kunyausha majani. Dada alikuwa mchumaji wa chai, na mchumaji hodari, mpaka dispensari ilipomwambia asiinue hata sufuria. Mimba zake za nyuma zilikuwa zimetoka. Hii ilikuwa imepita pale zile nyingine zilipokomea, na daktari wa dispensari akamwambia alale, alale tu, miguu juu ya mto, mpaka siku yake ifike. Kwa watu wa kambi tulisema ni mgongo. Kwetu mimba ya aina hiyo haitangazwi, na kitu cha mtoto hakinunuliwi, hata soksi. Shuleni tulifundishwa methali kwamba usikate mbeleko kabla mtoto hajazaliwa, na mwalimu akatueleza maana yake kwa Kiswahili kirefu. Kwetu haikuhitaji kuelezwa.

Mtoto mwenyewe alikuwa kitu kimoja, na ndoa ilikuwa kitu kingine. Jioni moja mjomba wake Shemeji alikuja kutoka nyumbani, akakaribishwa kwa kuku, na mimi nikawa jikoni nikikwangua ukoko wa ugali huku nikisikia kila kitu, maana jiko na sebule vilitenganishwa na pazia tu. Mjomba alizungumza polepole, kama mtu mwema, na hilo ndilo lililoniudhi. Alisema hawana ubaya na Akoth, ni mke mzuri, anajua heshima. Lakini boma haliwezi kukaa hivi. Akasema wangoje hii moja, na ikitoka, nyumbani wameshamwona msichana wa watu, hakuna haja ya kelele. Nilisikia kijiko cha Shemeji kikigonga sahani. Chumba cha kulala nacho kilikuwa ng'ambo ya pazia jingine, na Dada alikuwa amelala humo macho wazi. Nilipoingia kumchukulia sahani yake, aliniambia nimpelekee mjomba maji ya moto ya kunawa, asije akasema tumemnyima heshima.

Chumba hicho ninaweza kukichora hadi leo. Kitanda kilijaa chumba kizima, ukitaka kupita unapita kwa ubavu. Ukuta ulikuwa umebandikwa kalenda za miaka iliyokwisha kwa sababu ya picha zake. Kulikuwa na dirisha moja, na tulisogeza kitanda mpaka kikagusana nalo ili angalau Dada aone nje. Nje kulikuwa na bustani yetu ya mboga za sukuma, kisha ua wa vichaka vyenye maua madogo ya rangi rangi, mlimau mmoja uliopindapinda, mtaro, na baada ya mtaro chai, chai, chai mpaka macho yachoke. Kila alasiri mvua ilikuja kama mtu aliyeajiriwa. Harufu ya kiwanda iliingia kwenye nguo, kwenye chumvi, kwenye nywele. Dada alichukia harufu ya omena, wale dagaa wa kwetu, akachukia mayai, akataka ndizi mbivu peke yake, na mimi, mvivu kama nilivyokuwa, niliyatupa maganda kupitia dirishani badala ya kuzunguka hadi shimo la taka. Maganda yakaoza pale chini. Asubuhi moja jua likiwaka kidogo, mdudu mkubwa wa kahawia akaja akatua kwenye uozo ule, akachomoa ulimi wake na kuanza kunywa, mabawa yakifunguka na kujifumba, na ndani yake kulikuwa na rangi ambayo sikuwa nimewahi kuiona kwa kitu kisichonunuliwa dukani. Dada aliinuka kwa kiwiko, jambo alilokatazwa, akauliza, "Nani huyo?"

Hakuuliza ni nini, aliuliza ni nani, na kuanzia hapo mambo yote yalikwenda hivyo. Yule wa kwanza tulimwita Mlevi, kwa sababu alikunywa ndizi ile mpaka ningeweza kumshika kwa vidole, na kweli nilimshika. Dada aliweka sheria, maana alikuwa mtu wa sheria hata akiwa amelala: hakuna kumpa mtu jina mpaka aonekane tena siku nyingine, na hakuna kusema "yule mzuri" au "yule mkubwa", sema alama. Ana nini mgongoni, ana nini tumboni mwa bawa akilifumba, anapaa moja kwa moja au anayumbayumba, anapenda ua gani. Nilikuwa nadhani kipepeo ni kipepeo. Baada ya majuma machache nilikuwa naweza kumtambua Padri, mweusi mwenye ukosi mweupe, kwa namna alivyopaa tu, taratibu, kama anayejua ibada haiwezi kuanza bila yeye. Nilijifunza kwamba wawili wanaweza kufanana mgongoni na wasifanane kabisa tumboni. Hatukuwa na kitabu na hatukujua kama vitabu vya mambo hayo vipo. Tulikuwa na dirisha.

Chelangat aliingia kwenye habari hii na maziwa. Alikuwa binti wa mkulima wa ng'ambo, pale shamba la kampuni linapoishia na mashamba madogo ya wenyeji yanapoanza, rika langu, na kila asubuhi alituletea chupa ya maziwa na mara nyingine mursik, yale maziwa yaliyolala kwenye kibuyu chenye majivu ya mti, ambayo Dada aliyanywa macho yamefumbwa kwa raha. Alitukuta tunabishana juu ya madoa ya mmoja wao, akatuona wajinga, na akasema hivyo bila kuficha. Alituambia tunapoteza macho tukiangalia huko kwenye chai, hakuna mdudu wa maana anayekula majani chai, tuangalie mtaroni, kwenye mlimau, na pale ng'ombe wao walipokanyaga tope. Mimi akanipeleka huko kwenye tope. Kulikuwa na weupe wadogo wengi wamejipanga wakinywa matope yaliyochanganyika na mkojo wa ng'ombe, na nilirudi kumsimulia Dada ambaye alicheka mpaka akajishika tumbo kwa hofu. Tukangoja, hakikutoka kitu, akaendelea kucheka, polepole zaidi.

Kulikuwa na wengine weusi wenye madoa meupe, wapole, wanaozungukazunguka mlimau bila haraka, na hao Dada aliwaita Wajane. Na kulikuwa na mmoja wa rangi ya maziwa ya njano, mwenye mikia miwili, mwenye mbio na majivuno, aliyepita dirishani kila jua likiwaka, na huyo alikuwa Bwana Njano. Dada alikuwa na uhakika kwamba Bwana Njano hana mke, kwa kuwa hatukuwahi kuona wa kike wa rangi yake. Alimwonea huruma na kumsema pia, eti mwanaume mzuri hivyo anazurura. Kisha asubuhi moja akaniita kwa sauti niliyodhani ni ya maumivu, nikakimbia na mikono yenye unga. Kwenye jani la mlimau Bwana Njano alikuwa ameshikana na Mjane mmoja, nyuma kwa nyuma, wametulia, na hakuna aliyehitaji kuelezwa wanafanya nini. Wale Wajane wote walikuwa wake zake. Walikuwa kabila moja tangu mwanzo na sisi tuliwagawa kwa sababu ya nguo. Juzijuzi pale matangani nilimwomba Chelangat aulize simu yake, na simu ikakubaliana na tulichoona. Lakini Dada hakufurahi siku ile kama nilivyotarajia. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kumbe hata huyu wanamletea wengine." Mama wa mlango wa pili, ambaye ukuta wake ulikuwa karatasi tu, asubuhi ile ile alikuwa anamwambia mtu kwamba mgongo gani huo usiopona, huyo hatazaa, watu wa Ouma wamechoka.

Sasa nifike kwenye neno. Chelangat, kama wengi wa kwao wakati ule, alikuwa na p na b ambazo hazijaachana. Pole ilikuwa bole na pesa ilikuwa besa, na sisi wenyewe tulikuwa na makosa yetu ya sh na s, kwa hivyo hakuna aliyemcheka mwenzake. Tena kati yetu watatu neno kipepeo lilikuwa limekufa. Tulisema wageni, au tulimtaja mtu kwa jina lake. Sikuwa nimewahi kumsikia Chelangat akilisema. Basi siku moja Chelangat aliacha chupa mlangoni, akanyoosha kichwa mpaka chumbani, jambo ambalo hakulizoea kwa aibu, maana kwa kawaida alisema nasi kupitia dirisha, na akamwambia Dada, "Mama, kesho nitakuletea kibebeo. Kizuri sana." Halafu akaenda zake.

Pale kambini hakuna aliyesema mbeleko. Kitambaa cha kumfungia mtoto mgongoni kiliitwa kibebeo, basi. Nilimtazama Dada nikitarajia hasira, au uoga, maana kitu cha mtoto kilikuwa kimetajwa mchana kweupe, na mtu ambaye hata hakuwa ameambiwa kuna mtoto. Badala yake uso wake ulifunguka. Shemeji alipotoka kazini, Dada alimkalisha kando ya kitanda na nikamsikia akimweleza kwa mnong'ono kwamba sisi wenyewe ndio tumekuwa tukiifunga hii mimba kwa kuogopa. Akasema mtu wa kabila jingine, asiyejua hofu zetu, amesimama mlangoni akaona mtoto, akamwahidi kibebeo. Kama si Mungu ni nani? Shemeji Ouma, mtu ambaye maneno yake ungeyahesabu, alisema amina. Usiku ule alikula sahani mbili.

Asubuhi nilikuwa mtaroni nikifua nilipomwona Chelangat anakuja na chupa ya maziwa mkono mmoja, na mkono wa pili mkebe wa mafuta ya kupikia uliotobolewa matundu kwenye kifuniko. Alifungua kidogo nichungulie. Aliyekuwa ndani alikuwa mweusi tii mwenye mkanda wa kijani unaong'aa uliovuka mabawa yote mawili, mgeni ambaye dirisha letu halikuwahi kumpata. "Kibebeo ya Mama," alisema. Nilimvuta chini pale pale kwenye mawe ya kufulia nikamwambia yote, mimba, zile zilizotoka, mjomba, na kile Dada alichosikia. Alifungua mkebe, yule mgeni akatoka akavuka mtaro na kupotea juu ya chai, na Chelangat akanipa maziwa akarudi alikotoka. Nilimwambia Dada kwamba Chelangat amechelewa, atakuja baadaye. Mchana alirudi na kitambaa cha mirabamiraba kilichofifia, laini kwa kufuliwa, ambacho mama yake alikuwa amewabebea wote nyumbani kwao tangu kifungua mimba. Alikiweka kitandani kwa mikono miwili. Dada alikinusa, akakilaza juu ya tumbo lake, na akaniambia nimpe Chelangat chai ya maziwa mengi.

Watu wataniuliza kwa nini sikusema kweli. Sikusema, na sijuti, na yeyote ambaye angesema angepaswa kwanza amtazame Dada majuma yale. Alikula omena. Alimwambia mama wa mlango wa pili kupitia ukutani kwamba si mgongo, ni mtoto, na asiyetaka afunge masikio. Alianza kumwonyesha mtoto wageni wa dirishani, akiongea na tumbo: huyu ni Padri, huyu Mlevi, usimfuate. Shemeji alinunua karai jipya la kuogea na hakuna aliyemkemea. Hata mimi, ambaye nilijua kitambaa kile kilitoka wapi, niliamini. Siku hizi nikisikia mtu anasema matumaini hayamdhuru mtu, naondoka mahali hapo. Mwenye hofu akianguka anaanguka kutoka kwenye kiti, Dada alianguka kutoka juu ya nyumba.

Uchungu ulimshika kabla ya wakati, mvua ya alasiri ikiwa ndiyo imeanza. Pikapu ya shamba ilitupeleka hospitali mjini, Dada amelala nyuma chini ya turubai na kitambaa kimekunjwa chini ya kichwa chake. Alizaa msichana. Mtoto alilia, tulimsikia sote kutoka kwenye korido, sauti ndogo yenye kero, na Shemeji akakaa chini sakafuni akafunika uso kwa kofia. Wauguzi walifanya kila walichoweza kufanya. Kufikia asubuhi hakulia tena. Hatukuwa na nguo ya mtoto hata moja, kwa hivyo walimfunga kwenye kile kitambaa cha mirabamiraba, na ndivyo alivyozikwa. Mjomba alikuja, akasema pole kwa upole wake ule ule, na safari hii alikaa siku kadhaa.

Jua lilipowaka vipepeo walikuja kama kawaida. Nilitaka kuwafukuza kwa ufagio, lakini Dada, aliyekuwa amekaa sasa kitandani kwa kuwa hakuna tena sababu ya kulala, hakuwatazama wala hakuwakataza. Kisha Chelangat akaja na mama yake kutupa pole. Mama yule alikuwa mtu mzima mwenye mikono mizito, Kiswahili chake kilikuwa kidogo kuliko cha binti yake, na alikuwa amebeba maziwa na unga. Alikaa, akashika mkono wa Dada, akanyamaza naye vizuri kuliko wote waliotangulia. Hakuuliza habari ya kitambaa chake. Alipokuwa akitafuta neno la kusema kabla ya kuondoka, Padri akatua kwenye fremu ya dirisha, na mama yule akamwonyesha Dada kwa kidole, akatabasamu kwa huzuni, akasema, "Ona, hata kibebeo imekuja kusalimia wewe."

Niliona neno likiingia. Dada aliwaaga, akamshukuru mama kwa unga, na mama alipotoka akamwambia Chelangat abaki kidogo. Nilisimama mlangoni nikamkazia macho rafiki yangu, nikitikisa kichwa, nikimwomba kwa kila kitu kilichokuwa usoni mwangu. Dada aliuliza bila hasira, kama mtu anayeulizia bei ya kitu asichonunua.

"Siku ile uliposema utaniletea kibebeo, ulisema ya kubeba mtoto ama hii ya kuruka?"

Chelangat alitazama miguu yake. Angeweza kudanganya. Hadi leo nafikiri mimi ningedanganya.

"Ilikuwa hii ya kuruka, Mama."

Dada aliitikia kwa kichwa. Alinyoosha mkono akafunga dirisha, akakaza ndoano yake.

"Asante kwa kuniambia," alisema. "Lakini kuanzia leo niite Akoth. Mama ni jina la watu."

Na Chelangat alimwita Akoth miaka yote iliyofuata, mpaka juzijuzi tulipomzika.